Swali Alilolitunga Mwenyewe

Wanafunzi wa chuo cha uuguzi walimwita Mzee Desimali, naye alilijua jina hilo tangu mwaka wake wa pili wa kufundisha, wala hakuwahi kulikemea. Kwake lilikuwa jina la heshima. Nukta ikisogea nafasi moja kwenda kulia, alizoea kusema, mgonjwa mmoja amemeza dawa ya watu kumi. Na hayo hakuyatoa vitabuni, kwa maana alikuwa muuguzi wa wodi kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kushika chaki. Somo la hesabu za dawa alilifundisha peke yake miaka ishirini na miwili. Viatu vyake viling'aa, shati lake lilipigwa pasi hadi mikono ikasimama kama kadibodi, na saa mbili kamili asubuhi mlango wa darasa lake ulifungwa. Aliyekuwa nje alibaki nje, awe mtoto wa nani.

Mwaka huo somo lilitaka kumtoka mikononi.

Waraka wa Naibu Mkuu wa Chuo ulibandikwa kwenye ubao wa matangazo, kando ya ratiba. Kila mkufunzi angehudhuria mafunzo ya wiki sita katika Kitengo cha Kuboresha Ufundishaji, kisha angefundisha kipindi kimoja kwa zana za kidijitali mbele ya mratibu wa kitengo hicho. Atakayeshindwa angeondolewa katika somo lake, nalo lingepewa mwingine. Na huyo mwingine, kwa upande wa hesabu za dawa, hakuwa siri: alikuwa mkufunzi kijana wa famasia ambaye wenzake walimwita Chapchap, mwenye kompyuta iliyojaa vibandiko na mwendo wa mtu anayekimbilia basi.

"Wamenipa wiki sita nijifunze kufundisha," Mzee Desimali alimwambia mkewe jioni ile, huku akiikunja nakala ya waraka mara nne. "Mimi!"

"Hawajasema kufundisha. Wamesema kompyuta," mkewe akajibu. "Na kompyuta, baba watoto, huijui. Ukiletewa ujumbe wa simu unaniita mimi nikusomee."

"Nakuita kwa sababu miwani iko mbali."

"Miwani iko puani."

Mkewe alikuwa amestaafu ukarani wa masjala, na alipiga chapa kwa vidole kumi bila kutazama, huku akizungumza na mtu wa dirishani. Yeye ndiye aliyemfunda mumewe. Jumapili baada ya Jumapili, alasiri, walikaa kwenye meza ya chakula, kompyuta ya chuo katikati yao, mume akitafuta herufi kwa kidole kimoja cha shahada kama mtu anayebonyeza jipu la mwenzake.

"Mzee, taratibu. Hiyo si kengele ya mlango."

"Haisikii."

"Imesikia. Umeandika dawa mara tisa."

Lakini hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Alipokata shauri kujifunza, alijifunza. Kufikia wiki ya nne alikuwa anatengeneza slaidi. Kufikia ya tano alikuwa amegundua kwamba maneno yanaweza kuingia kwenye slaidi yakiruka kutoka pembeni, akayarusha yote. Mkewe alipomwambia kwamba yanamtia kizunguzungu, alimjibu kwamba wanafunzi ni vijana, wana macho.

Mafunzo yenyewe aliyahudhuria akiwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Mratibu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole wa sauti na mgumu wa msimamo. Siku moja zamani aliwahi kufungiwa mlango wa darasa lile kwa kuchelewa dakika mbili, na hakuna hata mmoja kati yao aliyelisahau jambo hilo. Katika wiki ya kwanza mratibu aliwaambia wakufunzi kumi na wawili waliokuwa mbele yake kwamba zana zote anazowaonyesha zina kazi moja, nayo ni kumwezesha mwalimu kumsikia mwanafunzi asiyesema. Mzee Desimali aliiandika sentensi hiyo kwa mwandiko wake mzuri, akaipigia mstari kwa rula, akafungua ukurasa mwingine.

Fomu ya ukaguzi ilikuwa na vipengele kumi na viwili. Cha saba kilitaka mkufunzi apigishe kura ya kidijitali walau mara moja: swali linaonyeshwa ukutani, wanafunzi wanajibu kwa simu bila majina, na mashine inahesabu.

"Swali utalitunga mwenyewe, Mwalimu," mratibu alimwambia. "Mimi nitaliona siku hiyohiyo, kama wanafunzi."

"Na likiwa rahisi?"

"Rahisi au gumu ni juu yako."

Akachagua rahisi. Hakutaka kipengele cha saba kimpotezee wakati. Mtoto ameandikiwa miligramu 150 za dawa ya maji. Chupa inasema kila mililita 5 zina miligramu 250. Utampa mililita ngapi? Lilikuwa swali la kuanzia, la wiki ya tatu, ambalo darasa lilikuwa limelikariri kwa sauti zaidi ya mara hamsini. Kwa majibu aliweka manne: A, sehemu sita za kumi, B, tatu, C, nane na sehemu tatu za kumi, na D, thelathini. Lililo sahihi ni tatu. Mengine aliyaweka kujaza nafasi tu.

Siku ya ukaguzi ilikuwa Alhamisi. Wanafunzi sabini na wawili waliketi kwenye madawati marefu, mratibu nyuma kabisa, fomu mapajani. Projekta iliwaka mara ya kwanza ilipobonyezwa. Mzee Desimali alisimama kando ya ukuta, kifaa cha kugeuza slaidi mkononi, akaanza somo lake kama alivyolianza miaka yote, tofauti ikiwa ni kwamba maneno sasa yaliruka.

Alikuwa na namna yake ya kufundisha, na kila aliyepita chuoni hapo aliweza kuiiga. Aliacha sentensi ikining'inia ili darasa liimalizie.

"Kiasi kilichoandikwa tunakigawanya kwa kiasi kilichomo…?"

"Kwenye chupaaa!"

"Kisha tunazidisha kwa…?"

"Ujazooo!"

"Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja, Mwalimu!"

Sauti iliyoanza daima ilikuwa ya kiongozi wa darasa, msichana wa dawati la mbele mwenye koo la kengele. Zilizobaki zilimfuata kwa nukta ya sekunde, na jumba zima lilitetemeka. Mzee Desimali aliipenda sauti hiyo. Ndiyo iliyomwambia kila asubuhi kwamba kazi inakwenda. Slaidi ya arobaini na moja ilipomalizika, alijua kuwa amevuka.

"Sasa toeni simu," akasema, na darasa likacheka, kwa sababu mtu aliyekuwa akinyang'anya simu kwa miaka mingi hakutarajiwa kutamka maneno hayo. "Jibuni mlionalo. Dakika mbili."

Nguzo nne za rangi zilianza kuota ukutani. Alizitazama akiwa ametabasamu kidogo. Kisha tabasamu likabaki peke yake usoni, bila sababu ya kuwepo.

A, watu thelathini na mmoja. B, kumi na tisa. C, kumi na wanne. D, wanane.

"Mashine imeharibika," akasema.

"Haijaharibika, Mwalimu," mratibu akajibu kutoka nyuma, taratibu.

"Basi wamebonyeza vibaya. Rudieni. Kila mtu asome swali kwanza."

Wakarudia. A, thelathini. B, ishirini. C, kumi na wanne. D, wanane.

Mzee Desimali alisimama mbele ya ukuta ule akifanya hesabu ambayo hakuna aliyemwomba aifanye. Watu thelathini wangempa mtoto sehemu moja ya tano ya dawa, na homa isingeshuka. Kumi na wanne wangempa karibu mara tatu. Wanane wangempa mara kumi. Wanane! Yeye, Mzee Desimali, alikuwa na watu wanane wa mara kumi ndani ya darasa lake, na nusu saa iliyopita walikuwa wameimba naye.

"Kiongozi wa darasa," akaita. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo liliwatisha zaidi. "Nimeuliza mara ngapi leo kama tuko pamoja?"

"Nyingi, Mwalimu."

"Na mkajibuje?"

"Tuko pamoja."

"Mlikuwa wapi?"

Msichana akatazama dawati. "Pamoja tulikuwa, Mwalimu. Ila hatukujua ni wapi." Darasa likaguna, mtu akacheka kwa pua, naye msichana akaendelea haraka, "Sisi huwa tunamalizia. Wa mbele wakianza, wote tunafuata. Neno lenyewe linakuja tu mdomoni. Na ukiuliza kama tumeelewa, nani atasimama aseme hapana, wenzake wote wakisema ndiyo?"

Mzee Desimali alilitoa darasa dakika kumi kabla ya wakati, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na wanafunzi wakatoka kimya kama wanaotoka kumtazama mgonjwa.

Mratibu alikuja mbele na fomu. Vipengele vyote kumi na viwili vilikuwa na alama ya vema.

"Umefaulu, Mwalimu. Weka sahihi hapa chini."

Aliipokea, akaisoma kutoka juu hadi chini, kama alivyosoma kila karatasi maishani mwake kabla ya kuitia sahihi.

"Hapa panasema kura imepigwa. Majibu yanaandikwa wapi?"

"Hayaandikwi. Fomu haiyaulizi."

"Kwa hiyo nikitia sahihi, somo ni langu."

"Ni lako."

"Na wewe utasema nini?"

"Nitasema kilicho kwenye fomu, kwa sababu ndicho nilichotumwa. Sikuja kukutega, Mwalimu. Swali ni lako."

Kalamu alikuwa nayo. Mezani pia palikuwa na orodha ya wanafunzi sabini na wawili, ile ya kuwaruhusu kuingia wodini Jumatatu, ambayo nayo ilingoja sahihi yake. Hakuna mtu duniani ambaye angemuuliza neno. Kama angeeleza, Naibu Mkuu angekuwa na sababu mkononi, na Chapchap angekuwa na ratiba mpya kabla ya mwisho wa mwezi. Yeye angepewa nini? Kusimamia maktaba? Aliuona mlango wa darasa lile, kitasa chake kilichochakaa kwa mkono wake mwenyewe, na kwa dakika nzima alitamani, kwa dhati, kuwa mtu wa aina nyingine.

Kisha akaigeuza fomu, na nyuma yake, kwa mwandiko wake mzuri, akaandika swali lote, majibu manne, na idadi ya waliochagua kila jibu katika kura zote mbili. Chini akaandika: *Darasa halijaelewa. Siruhusu waingie wodini.* Hapo ndipo alipotia sahihi.

Ijumaa asubuhi Naibu Mkuu aliigeuza karatasi hiyo mbele na nyuma kama mtu aliyeletewa samaki wa pande mbili tofauti. Alikuwa mtu mwema aliyezidiwa na mafaili, mdogo kwa mkufunzi wake kwa miaka kumi na mitano.

"Mzee wangu, unanifanyia nini? Mbele umefaulu, nyuma umejishitaki. Hospitali inawangoja Jumatatu. Nimeshaandika barua."

"Andika nyingine."

"Na waraka wangu? Nikiipokea karatasi hii ilivyo, nitalazimika kulitoa somo."

"Nimeusoma waraka wako. Litoe, kama ndivyo unavyosema. Lakini wanafunzi hao hawaingii wodini kwa sahihi yangu."

Naibu Mkuu akamgeukia mratibu, aliyeketi kando ya dirisha. "Wewe ndiwe mkaguzi. Ameshindwa au amefaulu?"

"Waraka unasema atakayeshindwa kuzitumia zana," mratibu akasema. "Nimewakagua kumi na wawili. Kumi na mmoja waliuliza kwenye kura kama somo limependeza. Huyu ameuliza kama mtoto atapona. Kama kuna aliyeitumia zana kwa kazi yake, ni huyu peke yake. Kosa ni la fomu, na fomu niliitunga mimi. Hilo nitaliandika."

Naibu Mkuu alivua miwani, akaisugua kwa ncha ya tai.

"Wiki mbili," hatimaye akasema. "Wodi itangoja wiki mbili. Mwisho wake wapigishwe kura ya swali jipya, na swali atalitunga kijana wa famasia. Wakipata wanne kati ya kila watano, somo linabaki kwako. Wakikosa, mzee wangu, nitafunga macho nilitoe."

"Wote," Mzee Desimali akasema.

"Wote nini?"

"Wanne kati ya watano ni hesabu ya kunipa somo mimi. Wodini wataingia wote, au hataingia mtu."

"Hakuna darasa la namna hiyo!"

"Na wodi ya wanne kati ya watano iko wapi, niambie, tukamlaze mwanao?"

Naibu Mkuu akavaa miwani. Akaandika masharti hayo chini ya karatasi, akasaini.

Wiki mbili zile Mzee Desimali hakuonyesha slaidi hata moja. Mkewe, aliyekuwa amezizoea, aliuliza zimekwenda wapi. "Nimezipa likizo," akamjibu. Darasani aliuliza swali, akakaza mdomo. Wanafunzi walipoanza kuimba, aliinua kiganja, sauti ikakatika, kila mtu akabaki na swali lake mwenyewe na simu yake mwenyewe. Nguzo zilipoota, hakuwaambia ipi ni sahihi. Aliwaambia, "Mgeukie jirani yako mwenye jibu tofauti, mbishane." Kelele zilizofuata zilikuwa za aina asiyoizoea, za watu waliokuwa wakifikiri, na siku za kwanza zilimuumiza kichwa kweli.

Siku ya tatu alipita kati ya madawati, akamsikia mwanafunzi mmoja akimwuliza mwenzake, kwa sauti ya chini, "Hivi hiyo tano ni ya kazi gani? Si wameshasema miligramu mia mbili hamsini?"

Akasimama. Miaka ishirini na miwili! Alikuwa amewafundisha kuzidisha kwa ujazo. Hakuwahi kuwaonyesha kwamba dawa na maji yake ni vitu viwili. Kesho yake alileta ndoo ya maji, mabomba ya sindano sabini na mawili yasiyo na sindano, na vikombe. Aliyeandika sehemu sita za kumi alivuta sehemu sita za kumi, akaona ni matone; aliyeandika thelathini alijaza bomba mara tatu, akatazama kikombe, akasema peke yake, "Mungu wangu, mtoto gani huyu?" Darasa lilicheka hadi likatoa machozi. Mzee Desimali hakucheka, ila hakuwanyamazisha.

Chapchap alikuja siku ya tano kuchunguza darasa kwa ajili ya swali lake. Alikaa nyuma, na kompyuta yake hakuifungua. Baada ya kipindi alimfuata mwenye somo mlangoni.

"Mzee, shikamoo. Kura yangu mimi niliuliza kama somo limependeza. Nikapata asilimia tisini na nane."

"Marahaba. Na lilikuwa limependeza?"

"Sana."

"Walijua nini walipotoka?"

Kijana akahamisha kompyuta kwapa la pili. "Sikuuliza."

"Kaulize," Mzee Desimali akasema. "Kisha njoo tunywe chai, maana utaihitaji."

Swali lililoletwa siku ya mwisho lilikuwa gumu kwa haki, dawa mpya na chupa ya ujazo usiozoeleka. Naibu Mkuu mwenyewe alisimama mlangoni. Nguzo ya jibu sahihi ilipanda, ikapanda, ikasimama kwenye sitini na tisa. Naibu Mkuu akapiga makofi, mratibu akapiga makofi, Chapchap akapiga makofi kuliko wote.

"Somo ni lako, mzee wangu. Hongera. Sasa saini orodha, tuwapeleke."

"Nashukuru," Mzee Desimali akasema, na kwa kweli kifua chake kilikuwa kimejaa. "Lakini watatu wamekosa."

"Watatu kati ya sabini na wawili!"

"Na kura haina majina. Sijui ni nani."

Akawaambia wanafunzi kwamba atakaa darasani na ndoo yake ya maji. Atakayependa kuja, aje. Wawili walikuja wenyewe, wakiwa wameinamisha vichwa, wakakaa naye mpaka mikono yao ikajua. Wa tatu hakuja. Basi akachukua orodha, akaanza kuita mmoja mmoja, kila mtu na swali lake la mdomo na bomba lake. Walipita kumi, wakapita ishirini, wote sawasawa. Barabara nje ilikuwa imejaa wanaorudi makwao alipofikia jina la arobaini na nne.

Kiongozi wa darasa akaja mbele. Alisikiliza swali, akashika bomba, akalitazama. Akaliweka mezani.

"Ni mimi, Mwalimu." Sauti ile ya kengele ilikuwa haifiki hata dawati la pili. "Ni mimi niliyekuwa ninaanza, wote wakanifuata. Ningewezaje kuja kukwambia?"

Mzee Desimali alikuwa na maneno mengi ya ukali yaliyokwisha tayarishwa kwa ajili ya huyo wa tatu, awe nani, na hakuna hata moja lililokubali kutoka. Alivuta kiti cha pili, akakiweka kando ya chake.

"Kaa, binti. Niambie umefika wapi kabla ya kukwama."

"Kwenye kugawanya."

"Vizuri. Gawanya hapo, nione. Usiimbe."